Mistari Miwili Chini ya Bawa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makreti mawili, mbele ya kibanda cha Fundi Saa, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa mafundi. Wenyeji ni wanne, na ukimkosa mmoja ujue anaumwa au ana msiba. Yupo Fundi Saa mwenyewe, mwenye lenzi iliyomwachia alama ya duara kwenye jicho la kulia. Yupo Dokta Geti, ambaye hajawahi kutibu hata mafua. Alilinda geti la chuo kikuu miaka ishirini na mitatu, na kwa kuwa wahadhiri wote walipita mbele yake, anaamini na elimu yote ilipita hapohapo. Yupo Mnyoosho, dobi wa kibanda cha pili, mwenye simu ya kamera kali aliyoinunua ili apige picha madoa ya nguo kabla hajazifua, maana wateja wana maneno. Na yupo Mama Kahawa, mwenye birika, vikombe na ulimi, na vyote vitatu huwa vya moto. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa haijachemka vizuri lakini ubishi ulikuwa umeshaiva, kwa sababu Fundi Saa alikuwa na sarafu moja mezani, na ilitakiwa hadi saa sita mchana picha yake iwe imeshatumwa.

— Sogeza kichwa, Dokta, unaniziba, alisema Mnyoosho, simu ameielekeza mezani.

— Sikuzibi. Nakusimamia.

Simu ikalia kacha. Wote wanne wakainamia kioo cha simu kwa pamoja, vichwa vikagongana. Sarafu haikuonekana. Kilichoonekana ni doa jeupe la duara, na ndani ya doa matundu mawili meusi.

— Haya nayo ni nini? Fundi Saa aliuliza.

— Pua ya Dokta, Mama Kahawa alijibu bila kufikiri. — Imetoka vizuri kweli. Itumeni.

Tatizo lilikuwa kikasha. Mwaka jana Fundi Saa aliipeleka sarafu yake kwa chama cha wakusanya sarafu, ikapimwa, ikapewa namba, ikarudishwa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, kilichozibwa pande zote. Ukikifungua, namba inakufa. Sasa chama hicho kilikuwa kinatoa kitabu cha picha, na ndani yake kulikuwa na sura moja kuhusu sarafu zilizowekwa alama na wenyewe kwa mikono yao. Walimwandikia kwamba ya kwake itaingia, ila picha iwe safi, isiwe na mng'ao, na alama zisomeke. Saa sita mchana ndiyo mwisho. Chini ya picha wangeandika jina la aliyeweka alama.

Na aliyeweka alama alikuwa baba yake, mshona viatu, aliyelipwa sarafu ile kwa jozi yake ya kwanza na asiitumie hadi anakufa. Mbele kuna ndege aliyenyanyua bawa moja. Chini ya bawa, mahali palipo patupu, mzee alichora mistari miwili kwa ncha ya sindano yake ya kushonea ngozi. Huu dada yako, huu wewe, alikuwa akisema, akiinamisha sarafu kando ya dirisha hadi mstari mmoja uonekane, kisha, kidole gumba kikiwa bado juu ya sarafu, anaonyesha wa pili. Kati ya mistari hiyo aliacha nafasi pana. Fundi Saa alikuwa akijua sababu: dada yake amemzidi miaka saba.

Mzee huyo hakuacha picha hata moja. Hakuwahi kupigwa. Ndiyo maana Fundi Saa, ambaye kwa kawaida akifungua saa ya mtu mkono wake hautetemeki hata kidogo, asubuhi hiyo alikuwa amemwaga kahawa mara mbili.

— Jamani, tulieni, alisema. — Hii ndiyo picha ya baba yangu. Ikitoka na pua ya Dokta sitalala maisha.

— Kwanza tuelewane kuhusu sayansi, Dokta Geti alisema, akavuka miguu. Mwavuli wake mweusi ulikuwa umeegemezwa gotini. Hatembei bila huo, hata mvua isiponyesha. — Mwanga ukitoka juani unakuja mbio. Ukifika hapa umechoka. Ukiona plastiki laini, unajilaza. Huo mng'ao unaouona ni mwanga umelala.

— Nani kakuambia hayo?

— Mhadhiri wa fizikia. Alikuwa anachelewa kila siku, tukawa tunaongea.

— Basi tuuamshe, alisema Mnyoosho. — Ila mimi naona ni uchafu tu. Nipe hicho kikasha.

Kabla Fundi Saa hajasema ndiyo wala hapana, Mnyoosho alikuwa ameshakichukua na anakisugua kwa shati lake, kwa nguvu zilezile anazosugulia kola za watu. Akakiweka mezani kwa fahari. Kikasha kikaanza kuvuta vumbi lote la barabarani. Nyuzi za shati zikasimama juu yake kama nywele.

— Sasa ndege kaota ndevu, Mama Kahawa alisema.

Fundi Saa alitoa kipulizio chake kidogo cha mpira, kile cha kupulizia mashine za saa, akazitoa nyuzi moja baada ya nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka. Ukutani mwake saa kumi na nane zilikuwa zinaonyesha nyakati kumi na nane.

— Ni saa ngapi kwani? aliuliza.

— Fundi saa anatuuliza saa! Dokta alicheka hadi akashika mbavu.

— Saa tano kasoro tano, Mnyoosho alisoma kwenye simu. — Bado tunao muda. Mie nasema tuipige kwa mbali. Mng'ao hauwezi kufika ng'ambo ya barabara.

Wazo likapokelewa kwa shangwe. Mnyoosho akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akavuta picha kwa vidole viwili hadi mwisho. Fundi Saa akaishika sarafu juu kifuani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Dokta akawa anaongoza magari kwa mwavuli, kazi aliyoikosa sana tangu astaafu. Lori la kokoto lilikataa kuongozwa. Mnyoosho aliporudi walikuwa na picha mbili: moja ya kokoto, nyingine ya sikio la mpita njia.

— Sikio zuri, lakini, alisema Mama Kahawa. — Kunyweni kahawa, mtakufa njaa ya akili.

— Nimepata! Dokta Geti alisimama ghafla, ubao ukaruka upande mmoja na Mnyoosho nusura adondoke. — Nimepata, jamani! Mng'ao unaletwa na nini? Unaletwa na mwanga. Sasa tukiuondoa mwanga?

— Eeh?

— Hakuna mwanga, hakuna mng'ao! Tuipige gizani!

Fundi Saa aliyasikia maneno hayo na, kwa jinsi alivyokuwa na haraka, kwa nukta moja yakamwingia kabisa akilini. Wakaingia kibandani wanaume watatu, wakashusha mlango wa bati, wakaziba nyufa kwa mashuka ya wateja wa Mnyoosho. Giza likawa totoro. Simu ikalia kacha. Walipopandisha mlango, picha ilikuwa nyeusi kutoka pembe hadi pembe.

— Hongereni, Mama Kahawa alisema. — Mmepiga picha ya ndani ya birika langu.

— Lakini mng'ao haupo! Dokta alipinga.

— Na sarafu je?

— Sarafu ni suala la hatua ya pili.

Fundi Saa alikaa chini, akashika kichwa. Aliwaza habari ya kumpigia simu dada yake na kumwambia imeshindikana. Dada alikuwa ameshapiga mara mbili asubuhi ile, kuuliza kama imetumwa. Mara ya pili alianza kusema kitu kuhusu mistari, kisha akakata simu.

— Tuizamishe kwenye ndoo, Mnyoosho alisema taratibu, macho yamemtoka kwa ukubwa wa wazo lenyewe. — Sikilizeni. Shati lililolowa haling'ai. Na sarafu ikilowa haitang'aa. Tunaweka kikasha chini ya maji, tunapiga kutoka juu.

— Kikiingia maji utanilipa nini wewe? Utanifulia bure hadi lini? Fundi Saa alifoka.

— Basi labda inaona haya, Dokta alisema. — Miaka yote imekaa mfukoni kwa mzee, leo watu wanne wanaitolea macho. Tugeuke wote tutazame barabarani, halafu mmoja aipige kwa kushtukiza.

Inasikitisha kusema, lakini waligeuka. Watu wazima watatu wakaitazama barabara kwa makini, huku Mnyoosho akipiga mluzi kama asiye na habari, kisha akapitisha mkono kwapani na kubonyeza. Kacha. Doa jeupe lilikuwa palepale. Safari hii ndani yake kulikuwa na shati lote la Dokta, jeupe, hadi mshono wa mgongoni uliofumuka.

Ni hapo Mama Kahawa alipoweka birika chini. Alikuja kuinama juu ya meza, mikono kiunoni, na sketi yake nyeusi ikiwa imejaa mbele ya kikasha.

— Hebu njooni, alisema. — Fundi, tazama kutoka hapa nilipo.

Fundi Saa akatazama. Akatoa lenzi, akairudisha jichoni, akatazama tena. Ndege alikuwa anaonekana. Si mzima, nusu yake tu, upande ule ulioelekeana na sketi. Manyoya ya bawa yalikuwa yanahesabika.

— Mama, usitikisike! Usipumue!

— Nipumue wapi sasa! Nyinyi kutwa mnabishana kuhusu mwanga. Hicho kikasha ni kioo tu. Kinaonyesha kila cheupe kilicho mbele yake: mbingu, shati la huyu, meno ya huyu. Mbele yangu kuna cheusi, basi hakina cha kuonyesha, kinakuachia uone ndani. Nikimimina kahawa kila siku najiona usoni mwa kikombe, hamjajiuliza?

Kijiwe kizima kikalipuka. Cheusi! Tafuta cheusi! Mnyoosho alikimbia kibandani kwake akarudi na suruali ya mteja, lakini suruali ina miguu miwili na haikai juu ya meza. Mama Kahawa aligoma kusimama mezani hadi saa sita. Macho yakaanza kutembea, yakatembea, hadi yakatua yote kwenye goti la Dokta Geti.

— Hapana, alisema Dokta.

— Ni mweusi.

— Ni mwavuli wa kazi.

— Ufungue tuuweke juu ya meza uwe kama paa, kamera ichungulie kutoka juu.

— Ichungulie wapi? Hauna tundu!

Hapo inabidi kueleza. Miaka minne nyuma, cheche kutoka pasi ya mkaa ya Mnyoosho ilidaiwa kuutoboa mwavuli ule. Mnyoosho alisema ulitoboka. Dokta Geti, ambaye alipewa mwavuli huo na mkuu wa chuo siku ya kustaafu mbele ya wafanyakazi wote, alisema haujatoboka, hautatoboka, na hauwezi kutoboka. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha huonekana akitembea na bega moja limelowa, na ukimuuliza anakuambia ni jasho.

Dokta aliutazama mwavuli. Akamtazama Fundi Saa: lenzi ilikuwa bado iko jichoni na chini yake kulikuwa kumelowa.

— Baba yako hakuwa na picha hata moja? Dokta aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu, sio ile ya geti.

— Hata ya kazini.

Dokta akaufungua mwavuli, polepole. Akauinua juu dhidi ya mwanga. Karibu na kilele chake, kwenye kitambaa cheusi, kulikuwa na tundu safi, la ukubwa uleule wa jicho la kamera. Mnyoosho alifungua mdomo, Mama Kahawa akamkanyaga mguu.

— Umetoboka leo hii, Dokta alisema. — Mmeshuhudia.

— Leo hii, waliitikia wote.

Basi kazi ikaanza kweli. Waliingiza meza kibandani, mbali na jua. Dokta akaushika mwavuli juu yake kama paa, mikono imekakamaa, akikataa kupokewa. Mnyoosho akalibana jicho la kamera kwenye tundu. Fundi Saa akachukua taa yake ya mezani, ile yenye shingo ya kupinda, akaiwasha. Kwanza aliiweka juu: mng'ao. Akaishusha kidogo: mng'ao ukahama. Mikono yake sasa haikutetemeka. Alikuwa anafanya kazi yake, kusogeza kitu unywele mmoja baada ya mwingine hadi kikubali. Aliishusha hadi taa ikalala kando ya kikasha, inamulika ubavuni. Mnyoosho akampa foronya nyeupe iliyopigwa pasi muda uleule, ikatundikwa mbele ya taa ili mwanga uwe mpole.

— Saa tano na dakika arobaini na sita! alitangaza Mama Kahawa kutoka mlangoni.

— Dokta, umetulia?

— Mimi nilisimama getini miaka ishirini na mitatu, bwana. Piga!

Kacha.

 Mnyoosho akapiga kelele ambayo fundi viatu wa mwisho wa uchochoro aliisikia. Ndege alikuwa amejaa kioo kizima cha simu. Bawa, jicho, kucha, kila unyoya na kivuli chake, kana kwamba kikasha hakipo. Na chini ya bawa, mwanga ule wa ubavuni ukiwa umejaza kila mkwaruzo kivuli, mkono wa mshona viatu ulikuwa unasomeka.

— Tumeua! Mnyoosho alikuwa anarukaruka na simu ya watu mkononi, ya kwake kwa kweli, lakini siku hiyo ilikuwa ya wote. — Tumeua kabisa!

— Fizikia! Dokta alipaza sauti kutoka chini ya mwavuli. — Niliwaambia!

Mama Kahawa alimimina kahawa bila kuombwa, na ya bure, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kijiwe kianzishwe. Fundi Saa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa foronya ya mteja. Alichukua simu, akaanza kuandika maelezo kwa kidole kimoja: jina la baba yake, kazi yake, kisha: Alama ni mistari miwili, mmoja kwa kila mtoto.

Wakati huo aliingia mama mmoja amekumbatia saa ya ukutani. Akawaamkia, akasema imesimama tangu jana, akaona furaha ile ikamwambukiza, akauliza kuna nini. Wote wanne wakamweleza kwa pamoja. Hakuelewa hata kidogo. Fundi Saa akampa simu aone mwenyewe.

— Ni alama za baba yangu, alimwambia, na sauti ilikuwa imejaa. — Aliziweka siku tulipozaliwa. Huu wa kwanza ni dada yangu. Na huu wa mwisho ni mimi.

Yule mama aliitazama picha kwa heshima, akaisogeza karibu, akaikuza kwa vidole.

— Mungu awaweke, alisema. — Na huu wa katikati ni nani?

Fundi Saa alitabasamu, kwa sababu alidhani anaulizwa jambo jingine. Kisha akaichukua simu. Pale kwenye nafasi pana, pale alipojua siku zote kwamba ni miaka saba, kulikuwa na mstari. Mwembamba kuliko mingine, umesuguliwa na kitu laini hadi ukakaribia kufa, lakini umenyooka, na urefu wake ni uleule. Kwa lenzi alikuwa amepaona mara nyingi. Alidhani pamechakaa. Akakumbuka kidole gumba cha baba yake, kilivyokuwa kikitua palepale kila mara sarafu ilipoinamishwa dirishani.

Akawatazama wenzake. Mnyoosho alikuwa anatazama viatu vyake. Dokta Geti, mwenye jibu la mwanga, la plastiki na la haya ya sarafu, alianza kuukunja mwavuli. Mama aliyeleta saa akasema samahani, bila kujua kwa nini.

— Saa sita kasoro tatu, Mama Kahawa alisema polepole.

Fundi Saa alirudisha kidole kwenye maandishi. Alifuta neno miwili, herufi moja moja. Akaandika mitatu. Akasoma sentensi yote tangu mwanzo, mmoja kwa kila mtoto, akaiacha ilivyo, akabonyeza kutuma.

Kabla hajairudisha simu ya Mnyoosho, yake mwenyewe ikaita mfukoni. Alikuwa dada yake.

— Umeshatuma?

— Nimetuma, dada. Sasa hivi.

— Na mistari, imeonekana?

— Imeonekana, Fundi Saa alisema. — Yote mitatu.

 Upande wa dada alisikia kiti kikivutwa, halafu uzito wa mtu anayekaa, na sauti ya chini: Basi umemwona na yule tuliyemzika. Kijiweni Mama Kahawa aliinua birika amwongezee Fundi kikombe, akakuta ni tupu, akaliweka chini taratibu lisilie.